Lami Inakuja, Vijiji Vyetu Vinakimbia



Mmezoea kunisoma hapa nikiongelea korosho na Katiba Mpya. Leo naongelea viwanja. Najua kuna watakaosema huyu kaishiwa hoja. Vumilieni mfike mwisho, halafu mnitukane mkiwa mmesoma.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita mnada ulienda vizuri, nikashika hela kidogo. Kijana wa huku akishika hela ya korosho anafikiria vitu viwili, pikipiki au bati. Mimi nikachagua bati. Mama alikuwa anakaa kijijini katikati, nyumba ya udongo, hatua chache kutoka msikitini, bomba la maji ng'ambo ya barabara, jirani kushoto, jirani kulia. Nikaona pale pamebanana mno kwa mama wa mtu kama mimi. Nikaenda kwa mjomba na shikamoo zangu, nikaomba nijenge kwenye kipande cha shamba la ukoo, kule mwisho kabisa wa kijiji.

Mjomba akanitazama. "Mpwa wangu, pale kuna mikorosho inayozaa."

Nikamwambia, "Mjomba, mikorosho tutapanda kwingine. Mama anataka nafasi."

Mama hakuwahi kusema anataka nafasi. Niliyesema ni mimi.

Tukakata mikorosho minne. Nikasimamisha nyumba ya tofali, juu bati la msauzi. Picha nikazirusha mtandaoni, na wengi wenu mlinipa hongera zenu. Asanteni.

Sasa sikilizeni mwisho wake. Leo mama ana umri wa kwenda kliniki kila mwezi. Zahanati ni boda. Msiba ni boda. Kikao cha AMCOS ni boda. Maji analetewa na mtoto wa dada kwa baiskeli, ndoo mbili mbili, na mchanga wa huku mnaujua, baiskeli inasukumwa zaidi kuliko inavyopandwa. Mwaka jana nilipoenda kumsalimia aliniambia hivi: "Nyumba ni nzuri mwanangu, Mungu akuzidishie. Ila siku nzima hapiti mtu wa kunisalimia."

Nilirudi nikiwa nimenyong'onyea. Njiani nikawa nahesabu nyumba mpya. Nikagundua siko peke yangu. Kila aliyepata hela kidogo amefanya nilichofanya mimi. Tunajenga nje, nje, nje, kwenye mashamba yanayotulisha, na kando ya barabara kama shanga kwenye uzi. Na hakuna kiongozi hata mmoja, wa kijani wala wa kwetu, aliyesimama akauliza hiki kijiji kinaelekea wapi.

HESABU YA DARASA LA SABA

Tuweke siasa pembeni kwanza, tupige hesabu.

Chukua kaya 1,000. Kila kaya ipe kiwanja cha mita 20 kwa 30. Hicho si kiwanja cha mjini cha kubanana, kina nafasi ya jiko la nje, choo, banda la kuku na matuta ya mchicha. Sasa zipange kaya hizo kama tunavyozipanga sasa, upande huu na upande ule wa barabara, kila nyumba imepewa mita 20 za mbele. Kijiji chako kitakuwa na urefu wa kilomita 10. Shule ukiiweka katikati, mtoto wa mwisho anatembea kilomita 5 asubuhi na 5 jioni. Bomba la maji unatandaza kilomita 10. Nguzo za umeme kilomita 10.

Chukua kaya hizohizo, viwanja vilevile, uzipange kuzunguka kituo kimoja. Viwanja vyote 1,000 ni hekta 60. Duara lenye nusu kilomita kutoka katikati hadi ukingoni lina hekta 78 na ushee. Maana yake kaya zote 1,000 zinaingia humo, na hekta 18 zinabaki kwa barabara za ndani, zahanati, msikiti, kanisa, soko na uwanja wa mpira. Ukiona ni finyu, ongeza mita 200 kila upande, bado aliyeko ukingoni kabisa hafiki kilomita moja kutoka katikati. Mama yangu angetembea. Polepole, na fimbo yake, akisimama kusalimiana. Lakini angetembea.

Sasa weka korosho kwenye hesabu hiyo. Bwana shamba anatufundisha mkorosho upandwe mita 12 kwa 12. Kiwanja kimoja cha 20 kwa 30 ni nafasi ya mikorosho minne. Viwanja 1,000 vikichimbwa katikati ya mashamba ni nafasi ya mikorosho 4,000 inayotoka kwenye uchumi wa kijiji. Mkorosho haukui kwa mwaka mmoja jamani. Ukiukata leo, mtoto wako anayenyonya atakuwa yuko shule ndipo wa kuuziba uzae vizuri.

Na maji, hapo ndipo panaponiuma. Uwanda wetu wa Makonde mchanga wake unameza mvua yote, huku juu hakuna mto wala kijito. Bibi zetu walikuwa wanashuka mabondeni usiku wa manane na kupanda na mitungi kichwani. Mradi wa maji wa Makonde ulianzishwa tangu miaka ya 1950, enzi za mkoloni, kwa sababu hiyohiyo: maji lazima yasukumwe kwa mashine kutoka bondeni kuja juu. Kila mita ya bomba inayoongezeka huku juu ni hela. Sisi tukisambaa kilomita 10, halafu tunalalamika maji hayafiki, kwa kweli na sisi tuna mkono wetu kwenye hiyo shida.

"UNATAKA KURUDISHA UJAMAA?"

Nilipoisema hoja hii kwenye kikao chetu cha vijana wa kata, ndugu mmoja aliruka kama kakanyaga moto. "Unataka kurudisha vijiji vya ujamaa? Babu yangu alichomewa nyumba!"

Namheshimu kwa hasira yake, kwa sababu ni ya kweli. Tusiidharau historia hii, hasa sisi wa Kusini.

Mtwara ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuwekwa vijijini kwa wingi. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilikuwa ng'ambo tu ya Ruvuma, na serikali ilitaka watu wakae pamoja. Baadaye, Novemba 1973, TANU ikageuza hiari kuwa amri: kuishi vijijini ni lazima. Kati ya hapo na mwaka 1976 mamilioni ya Watanzania walihamishwa, wengi kwa malori, wengine nyumba zao zikichomwa au kubomolewa ili wasirudi. Mwaka 1975 ikaja sheria ya vijiji, kijiji kikitakiwa kuwa na kaya zisizopungua 250. Wazee wetu walishushwa barabarani, wakaambiwa jengeni hapa. Mikorosho yao ilibaki maporini kilomita kadhaa, mingine ikamezwa na vichaka. Aliyekaa huku anajua, zao la korosho liliporomoka vibaya miaka ile.

Sasa tofautisha vitu viwili. Cha kwanza, wazo kwamba watu wakikaa karibu karibu wanaweza kupata shule, zahanati na maji. Wazo hilo lilikuwa sahihi, na shule nyingi tulizosoma sisi zimetokana nalo. Cha pili, namna lilivyotekelezwa: amri kutoka juu, lori, kiberiti, na afisa aliyechagua mahali kwa kuangalia lori litafika vipi. Hakumuuliza mkulima shamba lake liko wapi. Hicho cha pili ndicho kilichotuumiza.

Angalia vizuri umbo la vijiji vyetu. Kwa nini viko kama utepe kando ya barabara? Kwa sababu vilipangwa kwa urahisi wa yule anayepita na gari. Anayekaa pale akitembea kwa miguu hakufikiriwa. Miaka hamsini baadaye tunaurefusha utepe uleule bila hata kuamriwa. Babu alilazimishwa kukaa barabarani, mjukuu anakimbilia barabarani mwenyewe.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule ndugu ni hili: kilichomchomea babu yako nyumba ni kukosa kuulizwa. Na leo hatuulizwi vilevile, ila safari hii ubabe umevaa nguo nyingine. Unaitwa "kila mtu ajijengee anapotaka", halafu siku ya siku wanakuja na rangi.

SERIKALI YENYE RANGI, ISIYO NA PENSELI

Nadhani mnajua naongelea rangi gani. X.

Kwa Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5. Ukichorwa X nyekundu, umejenga ndani ya hifadhi, bomoa mwenyewe na hulipwi. Ukichorwa ya kijani, barabara ndiyo imekufuata, subiri fidia. Familia ngapi nchi hii zimelala miaka na X ukutani, hawajui wapake rangi mpya au wafungashe?

Sasa tuje kwetu. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi ni kilomita 210. Tumeiimba tangu tukiwa watoto. Kilomita 50 za kwanza, Mtwara hadi Mnivata, zina lami. Kilomita 160 zilizobaki, Mnivata, Tandahimba, Newala hadi Masasi, zimepata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Lami nzuri, sipingi lami, atakayesema napinga lami ni mwongo. Mjamzito wa Newala anaihitaji lami kuliko mtu yeyote.

Lakini lami ina tabia yake. Inapofika, bei ya ardhi kando yake inapanda kabla hata kokoto hazijakauka. Watu wenye hela kutoka Mtwara mjini, Masasi na Dar wanakuja kununua "ekari moja moja hivi, mzee". Mzee anauza. Kijana anauza. Utepe unarefuka. Kesho watoto wanavuka barabara ya magari ya mwendo mkali kwenda shule iliyoko ng'ambo. Keshokutwa barabara inatakiwa kupanuliwa, rangi inatoka kwenye ndoo.

Mnafikiri nabahatisha? Angalieni Dar es Salaam. Barabara ya Morogoro iliachwa, mji ukasambaa pande zote mbili miaka na miaka bila mpango. Mwaka 2017 ulipokuja upanuzi wa Kimara hadi Kibaha, maelfu ya watu walivunjiwa. Na Mwendokasi, uliokuja Mei 2016, ulikuja mji ukiwa umeshatawanyika tayari. Basi ni zuri, lakini anayekaa ndani kabisa huko bado anapanda bajaji, halafu daladala, ndipo alione hilo basi. Basi halitibu mji uliokwishatawanyika. Ilitakiwa watu na basi vipangwe pamoja, toka siku ya kwanza.

Na wala hili si wazo la kizungu nililoliokota mtandaoni. Tulikuwa nalo wenyewe, hapahapa. Mwaka 1973 ilipoamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, ikaundwa CDA, na mpango wa jiji ukakamilika mwaka 1976, ukiwa umechorwa na kampuni ya Toronto, Kanada. Mpango ule haukutaka Dodoma iwe kama London au New York. Ulichora mnyororo wa jamii ndogondogo, kila moja na shule yake, maduka yake, mashamba na miti karibu, watu watembee kwa miguu humo ndani, na njia ya basi iziunganishe zote. Kijiji, kituo cha basi, kijiji, kituo cha basi. Fikirieni hilo, mwaka 1976!

Ikawaje? Hela hazikutosha, utashi ukapungua, ramani zikabaki ofisini. Mei 2017 CDA yenyewe ikavunjwa. Leo ukienda Dodoma unaona mji unakimbia kila upande, viwanja vinapimwa porini, na mtumishi asiye na gari anaipata fresh. Chama kilekile kilichokuwa na mpango bora kuliko wote Afrika Mashariki ndicho kilichoukalia.

Na sisi wa Kusini tunajua vizuri usafiri unaoletwa bila kutufikiria. Tulikuwa na reli, vijana wengi hamjui. Mtwara hadi Nachingwea, imejengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Mwingereza. Karanga zilipokufa, na reli ikafa, ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Reli ile ilijengwa kwa ajili ya karanga, basi ikaondoka na karanga. Leo wanatuahidi reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, na ukisikiliza hotuba ni makaa ya mawe na chuma. Stesheni zitakaa wapi, watu watazifikiaje kwa miguu, hilo halimo kwenye hotuba.

Hiyo ndiyo serikali tuliyonayo. Rangi ya kuchora X ipo. Penseli ya kuchora kijiji haipo.

Msiniambie hela hamna. Mwaka 2018 sheria ilibadilishwa, na ile asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho nje, iliyokuwa inarudi kuendeleza zao, ikaelekezwa Hazina. Mnakumbuka kelele tulizopiga. Korosho za mikoa hii zimejenga vitu vingi nchi hii. Kupima kijiji kimoja na kuchora mpango wake ni kitu kidogo sana mbele ya hela hizo.

NA SISI TUACHE UNAFIKI

Sasa niseme na upande wetu, ndiyo maana nimeandika hapa na sijaandika gazetini.

Viongozi wetu wakija kwenye mikutano ya hadhara wanaahidi nini? "Mkituchagua, kila kijana atapata kiwanja." Makofi. Nami nimepiga makofi hayo. Hakuna anayeuliza kiwanja wapi. Kwenye shamba la nani? Umbali gani kutoka bomba la maji? Tunaahidi utepe mrefu zaidi, tunauita ukombozi.

Na kuna vijana wenzetu, wengine ndiyo wasomaji wa hapa, wamekuwa madalali. Mnunuzi akishuka tu kwenye Noah, wao ndio wa kwanza kumpeleka shambani kwa mzee asiyejua bei. Asilimia kumi mfukoni, usiku wanaandika hapa kwamba chama tawala kinauza nchi. Acheni hizo ndugu zangu.

Bodaboda mtanielewa vibaya, kwa hiyo nifafanue. Sina ugomvi na boda. Usiku mwanamke akishikwa uchungu, anayemwokoa ni boda. Ninachokataa ni maisha ambayo bila boda huwezi kununua hata chumvi. Kijiji kikiwa na kituo kimoja cha kueleweka, Hiace ina sababu ya kuingia kila saa kwa sababu abiria wako pamoja. Wakiwa wametapakaa kilomita 10 dereva anasimama kila nyumba, anachoka, anaacha ruti. Na boda naye anakuwa na kijiwe chenye abiria wa uhakika, badala ya kuzurura akichoma mafuta.

Hoja nyingine: "Shamba ni langu, nitajenga nitakapo." Sawa, haki ya mtu kwenye ardhi ya ukoo ni kitu kizito, sitaki iguswe. Lakini ukijenga kilomita 4 kutoka katikati halafu ukadai maji, umeme, barabara na shule vikufuate, gharama hiyo si yako peke yako tena. Analipa na jirani. Mimi nililipisha wengine. Nilimlipisha mama.

KWA NINI HARAKA

Kuna jambo wengi hawalijui. Kijiji kwa sheria ni kitu chenye nguvu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi, na Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye kuridhia. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inaruhusu kijiji kuandaa mpango wake: hapa makazi, hapa mashamba, hapa msitu, hapa ardhi ya akiba kwa watoto wetu.

Lakini kijiji kikisambaa ovyo mpaka kikamezwa na mji, kinageuzwa mitaa. Na mtaa hauna mamlaka hayo juu ya ardhi. Ardhi inahamia kwa wapangaji wa mji, na mkulima wa jana anaamka akiwa kwenye "eneo la mpango" asilolijua. Newala ina Halmashauri ya Mji. Masasi ina Halmashauri ya Mji. Miji hii inakua na itatufuata. Mtwara ilikuwa na watu milioni 1.27 sensa ya 2012, na milioni 1.63 sensa ya 2022. Ongezeko la zaidi ya robo kwa miaka kumi. Watu hao watajenga mahali. Kilichobaki ni sisi kuamua watajenga wapi, au kuacha dalali aamue.

Mtaniuliza, tutaamuaje wakati viti wamechukua vyote? Kweli, Novemba 27, 2024 tuliona tulichokiona, majina yanakatwa, halafu wanatangaza ushindi wa zaidi ya asilimia 98 ya vijiji. Mwaka 2019 nako ilikuwa hivyohivyo.

Lakini kuna kiti kimoja hawawezi kukikata. Mkutano Mkuu wa Kijiji hauna fomu ya kujaza wala msimamizi wa kukuengua. Kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, na sheria inataka ukutane kila baada ya miezi mitatu. Tunalalamika hatuna viti, na kiti hicho tunakiacha wazi kila robo mwaka, tuko kijiweni tunabishana Simba na Yanga.

TUDAI NINI

Kwa hiyo napendekeza vijana wa chama chetu, kuanzia kata zetu hizi za Newala na Masasi, tuingie mikutano ya vijiji na madai matano:

1. Kila kijiji kiwe na mpango wa matumizi ya ardhi uliopitishwa na Mkutano Mkuu, usomwe kwa sauti, ramani ibandikwe ukutani ofisini ambapo kila mtu anaiona. Vijiji ambavyo lami inapita vianze.

2. Mpango uanzie kwenye kituo cha gari. Kituo, soko, zahanati na ghala la AMCOS vikae sehemu moja, na makazi mapya yaanzie hapo kwenda nje, yasizidi umbali wa mtu mzima kutembea robo saa.

3. Uwekwe mpaka wa makazi kwa sheria ndogo. Nje ya mpaka ni mikorosho, mihogo na msitu. Aliyekwisha kujenga nje asibughudhiwe wala asivunjiwe, hatutaki kiberiti kingine. Mpaka ni kwa nyumba mpya.

4. Ndani ya mpaka, kijana asiye na shamba la ukoo apate kiwanja cha bei nafuu, na mwenye shamba litakaloguswa alipwe kabla hajaguswa. Bila hili, mpaka utakuwa faida ya wenye viwanja tayari, na masikini atabaki nje akitazama.

5. Njia za miguu zichorwe na zilindwe kama barabara. Sehemu lami inapopita kijijini, pawe na njia ya waenda kwa miguu, vivuko na matuta kabla barabara haijazinduliwa. Tusisubiri mtoto wa kwanza agongwe.

Hakuna hata moja hapo linalohitaji Katiba Mpya. Katiba Mpya tutaidai, na tutaipata. Ila mtu anayeshindwa kusimama mbele ya watu 200 chini ya mwembe akadai ramani ya kijiji chake, sijui atadai vipi katiba ya nchi.

Mwisho, niwaambie nilichofanya, msije mkasema ni maneno matupu. Nimerudi kwa mjomba. Nimemwomba radhi kwa ile mikorosho minne. Kile kiwanja cha zamani cha mama pale katikati, nyumba ya udongo imeanguka upande mmoja, lakini kiwanja bado ni chetu. Msimu huu, Mungu akijalia mnada usituangushe, naanza kuijenga upya, vyumba viwili na baraza pana mbele. Ile ya bati la msauzi tutaweka mpangaji, au tutahifadhia korosho.

Nilipomwambia mama hakusema mengi. Aliuliza tu kama baraza litaangalia njia.

Nikamwambia ndiyo mama, litaangalia njia.

Mkutano wetu wa kijiji wa robo mwaka unakuja. Mimi nitakuwepo na karatasi yangu ya madai matano. Uulize wa kwako ni lini, uende, halafu uje utuambie hapa ilikuwaje.

Aluta continua.